Filamu Iliyofufuliwa na Watazamaji

Ni nani hasa mwenye kauli ya mwisho juu ya thamani ya filamu: mhakiki, au yule aliyekata tikiti?

Turejee Uingereza ya mwanzoni mwa miaka ya 1970. Huo ulikuwa wakati wa glam rock, muziki ambao wanaume kama Marc Bolan na David Bowie waliupiga jukwaani wakiwa wamejipaka rangi usoni na kuvaa nguo za kumetameta. Ndipo Richard O'Brien alipotunga mchezo wa nyimbo na vichekesho, ulioonyeshwa mara ya kwanza Juni 1973 katika ukumbi mdogo wa Royal Court, London. Mwaka 1975 mchezo huo ukawa filamu iliyoongozwa na Jim Sharman, The Rocky Horror Picture Show.

Kisa chake ni mzaha mtupu. Wachumba wawili, Brad na Janet, wanapasukiwa na gurudumu usiku wa mvua. Wanakwenda kuomba simu katika kasri moja, na humo wanamkuta Dokta Frank-N-Furter, anayeigizwa na Tim Curry, mwanamume mwenye soksi ndefu za kike na viatu vya visigino virefu, akijitapa kwamba ameunda binadamu katika maabara yake.

Ilipofika Marekani, kumbi nyingi zilibaki tupu, na wahakiki wengi hawakuisifu. Lakini Aprili 1976 sinema ya Waverly, New York, ilianza kuionyesha usiku wa manane. Watu wale wale wakawa wanarudi kila wiki. Wakawajibu waigizaji kwa sauti, wakarusha mchele wakati wa harusi, wakajifunika magazeti kichwani Janet anapotembea mvuani. Wengine walivaa kama wahusika na kuigiza mbele ya pazia. Kijana aliyechekwa mtaani kwa mavazi yake, humo alipigiwa makofi.

Mwaka 2005 filamu hiyo iliingizwa katika orodha ya Maktaba ya Bunge la Marekani ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Mwaka 2025 ilitimiza miaka 50, ingali inaonyeshwa kumbini.

Wahenga walisema, mcheza kwao hutunzwa. Filamu hii ya Waingereza ilitunzwa ugenini, tena kwa mchele, na wenyeji wakaifanya yao.