Doa la Damu Linalosema

Mtoto wa kijiji cha Idete, katika bonde la Kilombero nchini Tanzania, anapotobolewa kidole, tone la damu hudondoshwa kwenye karatasi maalumu na kuachwa likauke. Kutokana na doa hilo, maabara husoma vinasaba vya vimelea vya malaria.

Miaka ya 1990, watafiti wa kituo cha utafiti wa afya cha Ifakara na wenzao wa Uswisi waliifanya kazi hiyo ya kusoma vinasaba vya vimelea Idete. Walibaini kuwa mtu mmoja, hata asiyejisikia kuumwa, anaweza kubeba koo kadhaa za vimelea kwa wakati mmoja.

Hilo linatuhusu sote. Mgonjwa aliyemaliza dozi akikutwa na vimelea wiki chache baadaye, hadubini haiwezi kueleza kama dawa imeshindwa au ameng'atwa na mbu mwingine. Vinasaba hueleza, kwa kulinganisha vimelea vya kabla ya matibabu na vya baadaye. Tukikosea hapo, tutaitupa dawa nzuri au tutang'ang'ania iliyochoka.

Na hatari imekwisha kubisha hodi. Mkoani Kagera yamethibitishwa mabadiliko ya kinasaba yaitwayo R561H, yanayofanya vimelea vichelewe kufa kwa artemisinini, nguzo ya dawa mseto tunayoitumia.

Usipoziba ufa, utajenga ukuta. Ufuatiliaji wa vinasaba usiachiwe wafadhili peke yao. Serikali iutengee fungu la kudumu, maabara zetu zipate vifaa na wataalamu, na wanakijiji wanaotoa damu yao waletewe majibu. Ni haki yao.