Kiti cha Milanzi na Mipaka ya Mamlaka

(Mazungumzo na walimu na watumishi wa umma)



Nimeombwa nizungumze nanyi juu ya mamlaka kama Mkristo ayatazamavyo: katika kanisa, katika nyumba na katika serikali. Kwa kuwa tuko Milanzi, sina haja ya kwenda mbali kutafuta mfano.

Masimulizi ya Ufipa, ambayo mtaalamu Roy Willis aliyachambua katika kitabu alichokitoa mwaka 1981, yanasema kwamba mtawala wa Milanzi alikwenda kuwinda, akamwacha mkewe nyumbani na onyo kwamba asikiachie wageni kiti cha utawala. Wakaja wanawake watatu kutoka mbali, nao wakapewa kiti. Mwenye nyumba aliporejea, nchi ilikuwa imekwisha kuchukuliwa. Hata hivyo hakufukuzwa. Ukoo mpya wa Watwa ulitawala nchi, na uzao wa Milanzi ukabaki na mji wake pamoja na heshima katika mambo ya ibada.

Kisa hiki husimuliwa kama kosa la mwanamke. Mimi nakiona vingine. Mume yule alimpa mkewe agizo, lakini hakumpa mamlaka. Nyumba ngapi, na ofisi ngapi, zinaendeshwa hivyo hivyo hata leo? Mdogo huachiwa lawama, mkubwa huondoka na ufunguo.

Lakini lililo kubwa zaidi ni kwamba wazee wa uwanda huu waliweza kufikiri juu ya viti viwili katika nchi moja, kila kimoja na mpaka wake. Kule chini ziwani, Karema, mambo yalikwenda kinyume. Kapteni Cambier, Mbelgiji, alianzisha kituo hapo mwaka 1879. Mwaka 1885 kikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe. Boma la wenye bunduki likawa nyumba ya misheni. Watu waliokombolewa utumwani waliishi chini ya ulinzi wake, na ikawa vigumu kwao kutenganisha amri ya padre na amri ya mtawala. Sisemi hivyo kuwabeza mapadre. Humo humo Karema alifanya kazi Dokta Adrian Atiman, mtumwa aliyekombolewa huko Algeria, akasomeshwa udaktari Malta, akawatibu watu wa ziwa kwa zaidi ya miaka 60 hadi alipofariki mwaka 1956. Huyo hakuwa na boma wala askari.

Ndugu zangu, yako maandiko yanayopendwa sana na wenye vyeo: sura ya 13 ya waraka kwa Warumi, inayotaka kila mtu atii wenye mamlaka. Ni kweli, na Mkristo hana budi kuyakubali. Lakini Paulo anamwita mtawala mtumishi wa Mungu kwa ajili ya wema wa watu, na mtumishi anaye bwana wake. Tena Petro, alipokatazwa na baraza la Yerusalemu kuhubiri, alijibu waziwazi kwamba kumtii Mungu kunatangulia. Anayemsomea mwananchi maneno ya Paulo na kuyaficha ya Petro hafundishi dini. Anatafuta usingizi mzuri ofisini kwake.

Chama nacho kilisema jambo la jinsi hii. Kifungu cha 15 cha Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 kilimkataza kiongozi kuwa na majivuno, dharau na uonevu. Wafanyakazi wa viwanda vya Dar es Salaam walikichukua kifungu hicho kwa dhati, wakawakabili mameneja wao. Wengine, kufikia mwaka 1973, walijikuta wamepoteza kazi. Ni rahisi kuandika mpaka wa mamlaka kuliko kuuheshimu pale mnyonge anapouonyesha kwa kidole.

Katika nyumba, wanaume wengi wanajua kwamba sura ya 5 ya Waefeso inamtaka mke amtii mumewe. Mstari uliotangulia, unaowataka wote wanyenyekeane, hausikiki sana vilabuni. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema kwamba hakuna mwenye haki ya kumpiga mwenzake wa ndoa. Mzee wa kanisa anayempiga mkewe, basi, anavunja sheria ya nchi na kulitia aibu kanisa lake.

Nanyi walimu, fimbo ile mliyoishika ina mipaka yake. Kanuni za mwaka 2002 zilimpa mkuu wa shule, au mwalimu aliyemwidhinisha kwa maandishi, ruhusa ya kutoa viboko visivyozidi 4, na kila adhabu iandikwe kitabuni. Nendeni mkakiangalie kitabu hicho shuleni kwenu. Kama kurasa ni nyeupe na watoto wana alama migongoni, maswali yaanzie hapo.

Nilipokuwa nikijiandaa kuja hapa nilisoma tena habari za Samweli alipozeeka. Aliwasimamisha watu wote mbele ya mfalme mpya, akawauliza: amechukua ng'ombe wa nani, punda wa nani, amemwonea nani, amepokea rushwa kwa nani? Alikuwa tayari kurudisha. Sheria ya Serikali za Mitaa ya mwaka 1982 inataka mkutano mkuu wa kijiji ukutane kila miezi mitatu, na hapo ndipo penye nafasi ya maswali kama hayo. Wengi wenu ndio mnaoandika muhtasari wa mikutano hiyo. Andikeni maswali ya wananchi kama walivyoyauliza, pamoja na majibu waliyopewa.