Mkutano Uanze kwa Aliye Mbali

Msikilizaji, tarehe 20 Januari 2007, umati wa watu ulitoka Kibera kwa maandamano hadi Uhuru Park, Nairobi, kulifungua Jukwaa la Kijamii la Dunia. Wanaharakati walikuja kutoka kila bara. Wito wao ulijulikana duniani kote: ulimwengu mwingine unawezekana. Ajenda yao ilikuwa vita, madeni, ardhi na maji.

Mwezi huohuo pwani ya Kisimayu ilikuwa inaungua. Tarehe 1 Januari mji ulishikwa na majeshi ya Ethiopia na ya serikali ya mpito ya Somalia. Tarehe 3 Kenya ikafunga mpaka. Siku chache baadaye ndege ya kivita ya Marekani ikashambulia karibu na Ras Kamboni, huku kwetu Wabajuni, watu wa pwani na visiwa vya mpakani, mwendo mfupi tu kutoka Kiunga, upande wa Kenya.

Sasa mchukue mvuvi wa visiwa vyetu vya Koyama au Chula aliyetaka kufika Nairobi aseme vita vimemfanya nini. Angepita wapi? Mpaka umefungwa. Hati za kusafiria hana. Na Januari ni kaskazi, bahari imetulia, ndiyo miezi ya kujaza mashua. Siku asiyoingia baharini, nyumbani hakuna chungu jikoni.

Januari hiyo haikuchaguliwa na wavuvi. Jukwaa lilipoanza Porto Alegre, Brazili, mwaka 2001, tarehe zake ziliwekwa sambamba na mkutano wa matajiri kule Davos, Uswisi, ili dunia isikie sauti ya pili. Nia ilikuwa njema. Lakini matokeo yake ni kwamba kalenda ya wanyonge ilipangwa kwa kufuata kalenda ya matajiri.

Hata aliyekuwa Nairobi penyewe hakuingia kwa urahisi. Mkutano ulikuwa uwanja wa Kasarani, mbali na katikati ya mji, na Mkenya alitakiwa alipe shilingi 500 mlangoni. Kwa mtu wa kibarua, hiyo ilipita ujira wa siku. Chakula ndani ya uwanja kilikuwa ghali. Watu wa vitongoji duni wakaandamana, getini pakawa na vurugu, mpaka milango ikafunguliwa. Bunge la Mwananchi, kikundi cha raia wanaojadili siasa kwenye mabenchi ya bustani ya Jeevanjee, kikaitisha kikao chake papo hapo bustanini, bila kiingilio.

Tusiseme hayo ni ya zamani. Mwaka 2016 jukwaa lilikwenda Montreal, Kanada, na zaidi ya watu 200 waliotaka kuhudhuria wakanyimwa viza. Ni mazoea ya upangaji: kwanza mji, kisha ukumbi, kisha wafadhili, na mwisho kabisa ndipo wanakumbukwa wenye shida yao.

Mbajuni anaijua desturi hiyo kwa undani. Mwaka 2000, kwenye mkutano wa amani ya Somalia uliofanyika Arta, Djibouti, viti viligawanywa kwa hesabu ya nne na nusu: makabila manne makubwa, kila moja fungu zima, na wote waliobaki wakabanwa ndani ya nusu. Wabajuni ni wa nusu hiyo. Watu waliokaa visiwa hivi kwa karne nyingi, waliokimbilia Mombasa kwa mashua baada ya dola kuanguka mwaka 1991, waliohesabiwa nusu na wakubwa wao, hawastahili kuhesabiwa hivyo tena na wanaojiita watetezi wao.

Kwa hiyo nasema hivi. Mkutano wa kimataifa wa haki uanze kupangwa kutoka kwa mtu aliye mbali zaidi na mlango. Akiweza yeye kufika, kusema na kusikiwa, wengine wote wataweza. Ukipangwa kutoka kwa aliye karibu na uwanja wa ndege, utabaki mkutano wa walio karibu na uwanja wa ndege.

Kwa pwani yetu, maana yake ni mambo ya kutendeka. Tarehe ziwe za kusi, wakati upepo unapozuia mashua nyingi. Kusi hiyohiyo inafanya safari ya bahari kuwa ya hatari, kwa hiyo mvuvi asilazimishwe kuvuka, kikao kimfuate. Pawe na vikao vidogo Kisimayu na visiwani, Kiunga na Faza, na Mombasa kwa waliohamia huko, vya wanaume na vya wanawake, na kila kikao kichague wasemaji wake. Ukumbi mkubwa uwe hatua ya mwisho. Fedha za wafadhili zianze na nauli na posho ya siku ya kazi iliyopotea, kabla ya kulipia hoteli. Mazungumzo yawe kwa Kibajuni na Kiswahili, na mgeni ndiye atafute mkalimani. Na walichokubaliana wakubwa kirudi kisomwe kwenye redio kama hii, ili aliyetuma msemaji ajue alisemewa nini.

Wapo watakaosema mkutano uliotawanywa hauna nguvu, na kwamba Kisimayu si salama kwa wageni. La usalama ni kweli, na ndiyo sababu haifai kungoja wageni; wenyeji wapo, wanakutana kila siku. La nguvu, majirani zetu wa Lamu wameshalijibu. Wavuvi wa huko, wakiwemo Wabajuni wenzetu, walikwenda mahakamani mwaka 2012 juu ya bandari mpya. Mwaka 2018 Mahakama Kuu ikaamuru wavuvi wapatao 4,600 walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.76. Tarehe 26 Juni 2019 baraza la rufaa la mazingira likafuta leseni ya mtambo wa umeme wa makaa ya mawe uliotakiwa kujengwa Lamu, na sababu kubwa ni kwamba wananchi hawakushirikishwa ipasavyo. Wanaharakati wa mbali walisaidia, lakini kesi zote mbili zilisimama juu ya miguu ya wenyeji waliokaa, wakaelezana, wakakubaliana. Basi ikiwa kampuni hunyang'anywa leseni kwa kutowashirikisha watu, mwanaharakati anayefanya vilevile atajitetea kwa lipi?

Wahenga walisema, adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Habari za meli kubwa za kigeni zinazokomba samaki usiku, na za nyumba zilizochukuliwa na wenye bunduki, atazieleza sawasawa aliyepatwa nazo.

Waandaaji, kwenye kikao chenu cha kwanza, kabla ya kutaja ukumbi, andikeni ni nani asipokuwapo mkutano huu usifunguliwe. Nasi wa pwani, ukija mwaliko unaotaka jina la Wabajuni kwenye orodha ya wahudhuriaji, tuulize kwanza: tarehe gani, lugha gani, nauli ya nani, na majibu yatarudi lini? Pasipo majibu hayo, jina letu lisiandikwe.