Cheti cha Polisi na Mkate wa Mpiga Muziki

(Maneno yaliyosemwa na mfanya kazi mmoja wa reli mbele ya wanachama)



Nimepewa nafasi ya kusema machache, nami nimechagua habari za wapiga muziki. Msicheke, tafadhali. Mtu apigaye piano usiku kucha ni mfanya kazi kama yule atiaye mafuta injini. Auza nguvu zake na ujuzi wake ili apate kodi ya nyumba na chakula cha watoto.

Jina la jazi twalijua. Bendi nyingi za Afrika zimejiita hivyo, kama vile OK Jazz iliyoanzishwa Leopoldville mwaka 1956. Lakini leo nasema juu ya jazi ya Marekani, iliyoanzishwa na watu weusi wa kule, na hasa juu ya mji wa New York, ambako wapigaji wengi walikwenda kutafuta kazi.

Riziki yao ilikuwa katika vilabu vya usiku. Basi, tangu mwanzo wa miaka ya 1940 hata mwaka 1967, kulikuwa na amri katika mji ule: mtu yeyote atakayefanya kazi katika kilabu chenye muziki na pombe, sharti awe na cheti cha polisi. Si mpigaji peke yake, bali hata mpishi na mtumishi wa mezani. Alipigwa picha, akachukuliwa alama za vidole, akalipa ada. Mwenye kosa katika daftari la polisi aliweza kunyimwa cheti, au kunyang'anywa kile alichokuwa nacho. Na mwenye kilabu hakuthubutu kumwandika mtu asiye na cheti.

Habari hii yatukumbusha kipande walichovaa wazee wetu shingoni hapa Kenya tangu 1920, chenye alama za vidole, jina la bwana na mshahara. Nchi mbali mbali, lakini ugonjwa ni wa namna moja.

Sasa sikilizeni yaliyowapata watu. Mwimbaji Billie Holiday alifungwa mwaka 1947 kwa ajili ya madawa ya kulevya. Alipotoka mwaka 1948 aliimba katika ukumbi mkubwa wa Carnegie Hall, na watu wakajaa tele. Lakini vilabu vya mji ule ule havikuweza kumpa kazi, kwa kuwa alinyimwa cheti. Alikufa mwaka 1959, umri wake miaka 44.

Charlie Parker, mpiga saksafoni ambaye wapigaji wa dunia nzima walimwiga, alipokonywa cheti mwaka 1951. Mwaka 1953 aliandika barua kwa wakuu wa leseni za pombe kuomba ruhusa ya kufanya kazi yake, akawaeleza taabu ya mkewe na watoto. Alikufa mwaka 1955, umri wake miaka 34.

Thelonious Monk alikuwa mpiga piano. Mwaka 1951 polisi walikuta madawa katika gari alimokuwa ameketi pamoja na rafiki yake. Monk hakutaka kumshtaki mwenziwe. Alifungwa siku 60, na cheti chake kikachukuliwa. Siku 60 zilikwisha, lakini cheti hakikurudi mpaka mwaka 1957. Aliweza kupiga sahani za santuri na kwenda miji mingine, lakini mshahara wa kila juma katika vilabu vya mji wake haukuwapo. Mkewe, Nellie, ndiye aliyefanya kazi kuwalisha watoto. Alipopata cheti tena, Monk alipiga katika kilabu kiitwacho Five Spot, na watu wakamiminika kumsikiliza. Mwaka 1964 picha yake ilitokea mbele ya gazeti la Time. Ujuzi ulikuwa ni ule ule. Kilichokosekana ni karatasi tu.

Labda mtu atasema: walivunja sheria, waache waone. Ndugu yangu, aliyevunja sheria alihukumiwa na hakimu, akatumikia kifungo chake. Hii ya cheti ilikuwa adhabu ya pili, iliyotolewa ofisini na askari, wala haikuwa na siku ya kwisha.

Tena, sisi wa reli twajua cheti cha haki. Dereva hupimwa macho, huulizwa ishara, kwa sababu roho za watu zi mikononi mwake. Cheti cha New York hakikuuliza kama mtu ajua kupiga tarumbeta, wala kama mpishi ajua kupika.

Ilikwishaje? Miaka mingi kila mtu alikwenda peke yake, na barua yake mkononi, kubembeleza. Wengine walipewa ruhusa ya siku chache tu. Mwaka 1959 mpiga tromboni J. J. Johnson, ambaye wakati mmoja aliacha muziki akaenda kukagua michoro ya mitambo kiwandani, aliingia mahakamani pamoja na wenzake. Jaji akaamuru apewe cheti. Huo ulikuwa ushindi, lakini amri yenyewe ilibaki. Kelele za watu zikazidi, hata mwaka 1967 mji ukaifuta kabisa, kwa mpigaji na kwa mpishi pia. Holiday na Parker hawakuiona siku hiyo.

Ndugu wanachama, kidole kimoja hakivunji chawa. Kila mmoja na atazame karatasi ambayo kazi yake yaitegemea: nani huitoa, nani aweza kuichukua, na mtu akionewa apeleke shauri lake wapi. Asiyejua na aulize hapa katika tawi leo, kabla siku mbaya haijafika. Na mwenzetu akinyang'anywa yake, tusimwache aende kubembeleza peke yake.