Bandari Ndiyo Stesheni ya Kagera



Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, ikakomea ukingoni mwa ziwa. Bukoba na Muleba hazikupata reli. Kwa wananchi wa huko, safari ya garimoshi ilianzia gatini. Buni ya mkulima ilipakiwa melini, ikavushwa hadi Mwanza, ndipo ikapandishwa kwenye mabehewa kuelekea Dar es Salaam. Mwanafunzi na mgonjwa nao walipita njia hiyo hiyo.

Tarehe 21 Mei, 1996, Mv Bukoba, iliyoruhusiwa kubeba abiria 430, ilizama karibu na Mwanza ikiwa imejaa kupita kiasi. Mamia walikufa. Kikomo kile hakikuvunjwa na mawimbi. Kilivunjwa nchi kavu, penye tiketi na daftari la abiria.

Mwaka 2020 Mv Victoria ilirejea majini baada ya matengenezo makubwa. Hiyo ni hatua ya kujivunia, lakini chuma peke yake hakilindi uhai. Mtumishi anayesimama langoni na kutamka kwamba meli imejaa, hata mbele ya mkubwa, ndiye mtumishi wa kweli wa wananchi. Naye mwalimu ana wajibu wa kumlea mtoto atakayekubali kungoja meli ya kesho.