Mnunuzi Mmoja Hatoshi: Somo Kutoka Tamasha la Mvinyo

(Mazungumzo yaliyotolewa mbele ya walimu na watumishi wa Serikali)



Nimeombwa nizungumze juu ya siku niliyoshinda katika tamasha la kuonja mvinyo mjini Tbilisi, mji mkuu wa Jojia, nchi iliyo kati ya milima ya Kaukazi na Bahari Nyeusi. Najua wengi wenu hamtumii kileo, nami sikuja kumshawishi mtu anywe. Waonjaji stadi wenyewe huonja na kutema. Nimekuja kuzungumza juu ya mkulima na soko lake.

Tamasha hilo la mvinyo mpya kwa kawaida hufanyika mwezi wa Mei, majira ya machipuko, na wakati huo una maana yake. Zabibu huvunwa Septemba na Oktoba. Kwa desturi yao ya kale hukamuliwa na kutiwa, pamoja na maganda yake, katika mitungi mikubwa ya udongo iitwayo kwevri, iliyofukiwa ardhini hadi shingoni na kupakwa nta ya nyuki kwa ndani. Mitungi huzibwa, na kwa kawaida hufunguliwa majira hayo ya machipuko. Mwaka 2013 UNESCO iliutambua ufundi huu kuwa urithi wa wanadamu wote.

Basi siku ile mkulima hutoa kazi yake ya mwaka mzima ihukumiwe. Makampuni makubwa na jamaa wadogo wa vijijini huweka meza zao mahali pamoja. Mgeni hupita meza hadi meza, bilauri mkononi. Mwenye shamba humimina mwenyewe, akaeleza aina ya zabibu na mahali zilipolimwa; na mwonjaji humwambia usoni kwamba huu ni mzuri, huu ni mkali mno. Hapana dalali kati yao.

Ndugu zangu, msidhani watu hawa wameishi kwa raha. Mwaka 2017 wataalamu walitangaza kwamba mabaki ya vyungu yaliyochimbuliwa kusini mwa Tbilisi yanaonyesha mvinyo ulitengenezwa huko yapata miaka 8,000 iliyopita. Lakini ukale wa kazi haukuwa kinga. Mwaka 1985 Serikali ya Kisovieti ilianzisha kampeni dhidi ya ulevi, na mizabibu mingi ikang'olewa. Mwaka 2006 Urusi, iliyokuwa ikinunua sehemu kubwa mno ya mvinyo wao, ilifunga mlango. Urusi ilitaja sababu za afya. Wajojia wakaona ni siasa. Kwa vyovyote vile, mkulima ndiye aliyebaki na mvinyo usio na mnunuzi.

Katika miaka hiyo ya marufuku ndipo tamasha hili lilipozaliwa. Watengenezaji walilazimika kutafuta masoko mapya, na masoko mapya hayakubali kila kinacholetwa. Ilibidi wajifunze kuionja kazi yao kwa ulimi wa mgeni. Mwaka 2013 Urusi ilifungua tena mlango, na tangu hapo imerudi kuwa mnunuzi wao mkubwa kupita wote. Hatari ya zamani, kwa hiyo, haijaondoka. Mkulima mwenye mnunuzi mmoja tu hana soko, ana bwana.

Jambo hili latuhusu. Mkulima wa Dodoma huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, na zabibu iliyoiva haingojei: isipopata mnunuzi kwa siku chache, huoza. Ndiyo maana bei hupangwa na mwenye kiwanda, si mwenye jasho. Akiweza kukamua na kuhifadhi mchuzi wa zabibu, hupata nafasi ya kungoja na kuchagua. Lakini yafaa tujiulize: ni wangapi kati ya wakulima hao waliopata kuonja, au hata kuona, mvinyo uliotokana na shamba lao wenyewe? Asiyejua ubora wa mali yake atadai vipi bei yake?

Hapa ndipo penye kazi yenu. Bwana shamba, ofisa ushirika na mwalimu wanaweza kuwakutanisha wakulima na wanunuzi wengi mahali pamoja, hata chini ya mwembe, mali ikaonwa na kupimwa hadharani. Kazi hiyo haihitaji fedha nyingi. Yahitaji tu watu wanaokubali kwamba mkulima naye ana haki ya kujua thamani ya alichokizalisha.