Tansio haiumi: maneno yetu mu kikao ya wanamemba, Kilwa



Wengi wetu tunakumbuka ule mzee wetu. Kule kambi ya Kala, Zambia, walimupima, wakasema tansio iko juu, wakamupa vidonge. Tukarudi Kilwa. Vidonge vikaisha, na yeye alikuwa anajisikia vizuri, akaacha. Asubui moja akaamuka kinywa imepinda, mukono ya kuume haina nguvu, maneno haitoke. Sisi tukafanya nini? Tulibishana siku mbili kama ni bulozi. Hatumuhukumu mutu, juu wote tulikuwa pale. Tulimuzika.

Ile ugonjwa inaitwa kiharusi, waganga wanasema AVC. Mushipa ya damu mu kichwa inaziba ao inapasuka. Mwaka 2016 ilitoka uchunguzi moja kubwa, INTERSTROKE, ya nchi 32, na Uganda ilikuwa ndani. Walilinganisha wagonjwa zaidi ya 13,000 wenye waliingia hospitali na kiharusi, na watu wengine karibu hesabu ileile wenye hawakuwa nayo. Mambo kumi tu njo ilikuwa nyuma ya karibu viharusi 9 kwa 10. Ya kwanza ni tansio, yenyewe peke ilibeba karibu nusu. Zingine ni tumbaku, pombe, sukari, kukaa bila kutembeza mwili, chakula, tumbo kubwa, moyo, mafuta mu damu, na mawazo mingi. Hii ya mawazo, sisi wenye tulikimbia, hakuna wa kutufundisha.

Lutuku hatuongeze neno, munaijua. Lakini chumvi! OMS inasema kwa siku moja mutu mukubwa asifikishe grama 5, ni kama kijiko moja ya chai. Samaki ya chumvi, tena Maggi mu mboga, hesabu inapita mbio.

Na tansio haiumi. Mutu anaweza kuwa na 180 na anavuta nyavu ku ziwa kama kawaida. Ukipimwa na ukuta 140 ao 90 ya chini, rudi upimwe tena. Usingoje kichwa ikuume.

Kuko dawa ya kuyeyusha damu yenye imeganda, lakini inapaswa kuingia mbele ya saa ine na nusu kupita, kisha kichwa kupigwa skana. Toka hapa mpaka Lubumbashi ni karibu kilomita 350, na barabara wakati ya mvua munaijua wenyewe. Kwetu, dawa ni ile ya mbele, vidonge ya kila siku.

Njo tunaomba kikao ikubali: sehemu ya makuta ya kilio inunue mashine mbili ya kupima tansio ku mukono, na isaidie vidonge ya wale wenye hawana. Ninyi wafazili, tunawaomba kidogo ya kila mwezi kuliko mufuko moja kubwa. Vidonge vikikatika, tansio inapanda tena.

Mwenye iko na karatasi ya kambi ao ya hospitali yenye iliandika tansio, ailete kwa kamati.